Maswali yenu: Presha ya mimba inaanzia kwenye kondo la nyuma

Safari hii barua nyingi mlizotuma ni za presha ya mimba. Nimechagua zile ambazo majibu yake yatawafaa na wengine, na ya kwanza nimeijibu kwa urefu makusudi kwa sababu ukiielewa hiyo, zinazofuata zote zinakuwa rahisi.

SWALI: Shikamoo dokta. Nina mimba ya kwanza, wiki ya 29. Kliniki iliyopita presha ilikuwa 118/74, juzi nimekuta 152/98 na kwenye mkojo protini ++. Siumwi popote, miguu tu imevimba kidogo. Nyumbani wote wanasema ni mawazo, kwamba nawaza sana ndo nimejiletea presha, mpaka na mimi nimeanza kuamini. Nesi alisema ni homoni za kondo la nyuma zinabana mishipa, ila foleni ilikuwa ndefu sikupata nafasi ya kumuuliza zaidi. Kipi ni kweli, na hizo homoni zinafanyaje kazi?

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na pole sana. Kabla ya maelezo yoyote, 152/98 pamoja na protini ++ kwenye wiki ya 29 sio kitu cha kusubiri kliniki ijayo. Kama hujarudi tangu juzi nenda leo, hospitali yenye wodi ya wazazi na maabara, warudie presha, wapime damu yako waone chembe sahani (zile zinazosaidia damu kuganda), ini na figo, na mtoto aangaliwe kwa ultrasaundi. Kwamba husikii kuumwa isikupe moyo hata kidogo, huu ugonjwa unaweza kufika mbali ukiwa kimya kabisa.

Sasa swali lako. Nesi amekwambia kweli, na wewe hujajiletea chochote.

Mfuko wa uzazi usio na mimba unapitisha damu kama mililita 50 hivi kwa dakika, lakini mimba ikikaribia kujifungua zinapita zaidi ya mililita 500 kila dakika. Mishipa ya kawaida haiwezi kubeba ongezeko la namna hiyo, ni lazima itengenezwe upya, na fundi wake ni kondo lenyewe. Kuna seli za kondo zinaitwa trofoblasti, hizi katika miezi ya mwanzo zinaingia kwenye ukuta wa mfuko wa uzazi, zinaikuta ile mishipa midogo iliyojisokota, iko kama mia moja hivi, zinaondoa misuli yake na kuupanua mdomo wake. Kazi ikienda vizuri, hadi kufikia wiki ya 20 mishipa hiyo imeshakuwa mipana na imelegea, na mshipa usio na misuli haubaniki, hata mama ashtuke vipi, hata homoni ya woga imwagike kwenye damu, pale kwenye mlango wa kondo damu inaendelea kupita tu.

Upande wa mtoto ndo kuna jambo ambalo mimi kila nikilisoma naona ni la ajabu. Mishipa iliyo ndani ya kondo na kwenye sehemu kubwa ya kitovu haina neva. Maana yake ubongo, wako au wa mtoto, hauna waya wa kuiamuru ibane au ilegee, inasikiliza kemikali peke yake, yaani homoni zinazokuja na damu na vitu vinavyotengenezwa hapohapo na kuta za mishipa. Vipo vinavyolegeza, vikubwa ni prostasaiklini na nitriki oksaidi, na vipo vinavyobana, kama thromboksani, endothelini na anjiotensini. Mimba ikiwa salama walegezaji wana nguvu kuliko wabanaji. Na mwilini kwa mama nako relaksini, estrojeni na projesteroni zinalegeza mishipa kwa jumla, ndo maana wajawazito wengi presha yao inashuka kidogo katikati ya mimba, alafu inapanda taratibu kurudi ilipokuwa.

Hiyo anjiotensini ina kisa chake. Mwaka 1973 Norman Gant na wenzake kule Dallas, Marekani, walichapisha utafiti ambao wanawake wenye mimba ya kwanza walikuwa wanawekewa anjiotensini kidogokidogo kwenye mshipa huku presha inapimwa. Waliobaki salama mpaka mwisho miili yao iliikaidi ile homoni, ilihitajika nyingi ndo presha ipande. Lakini waliokuja kupata presha ya mimba ukaidi ule uliwapotea wiki nyingi kabla presha yenyewe haijaonekana kwenye mashine. Kwa hiyo ile namba uliyoiona juzi sio mwanzo wa ugonjwa, ugonjwa ulianza zamani wewe ukiwa huna habari.

Huwa unaanzaje basi? Mara nyingi, hasa unapokuja mapema kabla ya wiki ya 34, zile seli za kondo hazikuingia ndani ya kutosha. Mishipa imebaki myembamba na misuli yake ipo. Chukua mpira wa kumwagilia maji ubane mdomo wake kwa kidole, maji hayatoki polepole tena, yanaruka kwa kasi na yanachimba udongo. Damu nayo inafanya hivyohivyo, kwa hesabu za watafiti mshipa uliopanuka vizuri unaingiza damu kwenye kondo kwa kasi ya kama sentimita 10 kwa sekunde, ule uliobaki mwembamba inaweza kufika mita 1 hadi 2, na vile vidole laini vya kondo vinavyofyonza oksijeni vinaumia, mara vinapata damu mara vinakosa.

Kondo lililoumia halinyamazi. Linamwaga kwenye damu ya mama protini moja inaitwa sFlt-1, kwa wingi kupita kawaida. Kazi ya hii ni kunasa homoni za ukuaji wa mishipa, ile ya VEGF na nyingine ya kondo inaitwa PlGF, inazishika zikiwa bado kwenye damu zisifike zinakokwenda. Sasa utando wa ndani wa mishipa yako, mwili mzima, unaishi kwa kutegemea hizo homoni. Ukizikosa unapunguza kutengeneza prostasaiklini na nitriki oksaidi, endothelini inaongezeka, mishipa inabana kila mahali na presha inapanda. Kwenye figo vichujio vinahitaji VEGF kuliko karibu sehemu nyingine yoyote, vikiikosa vinavuja, na ndo hizo ++ zako. Ini likiguswa unasikia maumivu chini ya chembe ya moyo au upande wa kulia chini ya mbavu, ubongo ukiguswa ni kichwa kikali na kuona maluweluwe. Mwaka 2003 kundi la Ananth Karumanchi kule Boston lilifanya panya watengeneze sFlt-1 nyingi, wakapata presha na protini kwenye mkojo, hata wale ambao hawakuwa na mimba.

Na kwa wanaosema ni mawazo waulize hivi: ile mimba ya zabibu, ambayo mara nyingi haina hata mtoto, ni tishu ya kondo tu imekua ovyo, mbona nayo inaleta presha hiihii, tena wakati mwingine kabla ya wiki ya 20? Na mbona ugonjwa huanza kuondoka baada ya kondo kutoka na sio mawazo yakiisha? Hofu inaweza kuipandisha presha kwa muda wakati unapimwa, hilo ni kweli, ila hofu haitoboi vichujio vya figo. Naomba uwasomee nyumbani sehemu hii kwa sauti, kwa sababu mama anayeambiwa ni mawazo anabaki kitandani kujituliza badala ya kwenda hospitali, na hapo ndo tunapoteza watu.

Hospitali wakithibitisha, usishangae wakikulaza. Presha itashushwa kwa methildopa, labetaloli au nifedipini. Ikifika 160/110 na kuendelea ni dharura, haivumiliwi. Wakiona unaweza kuhitaji kujifungua kabla ya wiki ya 34 utachomwa sindano za kukomaza mapafu ya mtoto, na dalili zikiwa kali utapewa magneziamu kuzuia kifafa cha mimba. Magneziamu inaunguza mwili, unasikia joto kali, lakini usiikatae. Utafiti mkubwa wa mwaka 2002 ulioitwa Magpie, wenye wanawake zaidi ya 10,000 kutoka nchi 33, ulionyesha inapunguza kifafa kwa zaidi ya nusu. Madaktari watajaribu kumwacha mtoto akue mradi wewe na yeye mko salama, na ikifika wiki ya 37 kwa kawaida hawasubiri tena.

SWALI: Daktari habari. Mke wangu mimba iliyopita alipata kifafa cha mimba kwenye wiki ya 33. Sasa ana mimba nyingine ya wiki 12 wamempa aspirini anywe kila siku mpaka mwezi wa tisa. Mimi najua aspirini inafanya damu iwe nyepesi, naogopa atatokwa damu nyingi. Asinywe?

JIBU: Anywe, kaka, na nakupongeza unafuatilia. Hofu yako naielewa ila hiyo ni dozi ndogo, miligramu 75 hadi 150 kutegemea na alivyoandikiwa, sio ile ya kutuliza maumivu.

Umesoma hapo juu kuhusu thromboksani inayobana na prostasaiklini inayolegeza. Thromboksani inatengenezwa zaidi na chembe sahani za damu. Chembe sahani haina kiini, kwa hiyo aspirini ikishakizima kimeng'enya chake, yaani protini inayoifanya kazi hiyo, haiwezi kutengeneza kingine, inabaki hivyo siku zake zote za kuishi ambazo ni kama 10. Ukuta wa mshipa una seli kamili zenye kiini, ukizimiwa kimeng'enya unatengeneza kingine na prostasaiklini inaendelea kutoka. Dozi ndogo ya kila siku basi inamdhoofisha mbanaji na kumwacha mlegezaji. Utafiti wa ASPRE wa 2017 uliwapa wanawake wenye hatari kubwa miligramu 150 kila usiku, na presha ya mimba inayokuja kabla ya wiki ya 37 ikapungua kwa asilimia 62.

Muda ndo kila kitu. Inatakiwa kuanza kabla ya wiki ya 16, mishipa ikiwa bado inajengwa, ukianza mwezi wa saba faida yake haionekani. Mkeo yuko wiki ya 12, yaani wamempa saa muafaka kabisa. Kama ana vidonda vya tumbo, aliwahi kupata mzio wa aspirini, au ana pumu inayoamshwa na dawa za maumivu, awaambie. Na siku ya kuacha ataambiwa na kliniki yake, wengi wanaacha kwenye wiki ya 36.

SWALI: Dokta mimi nina presha miaka mitatu, natumia enalaprili, naendelea vizuri. Mwezi huu sijaona siku zangu na kipimo kimeonyesha mimba. Nasikia wajawazito wana dawa zao za presha, naweza kuendelea na yangu mpaka nianze kliniki? Nimepanga kuanza mimba ikifika miezi minne.

JIBU: Hapana dada yangu, na usisubiri miezi minne, nenda wiki hii, kesho ikiwezekana. Enalaprili na ndugu zake wote wenye majina yanayoishia na "prili", pamoja na kina losatani, zinafanya kazi kwa kukata ile njia ya anjiotensini. Kwako hilo ni jema, ila figo za mtoto zinaihitaji hiyohiyo anjiotensini ili zikue na zitengeneze mkojo, na mkojo wa mtoto ndo sehemu kubwa ya maji anayoogelea tumboni kuanzia katikati ya mimba. Dawa hizi zikiendelea miezi ya kati na ya mwisho maji yanakauka, figo na mapafu havikui, na wapo watoto wanaofariki.

Usiogope kwa vidonge ulivyokwisha kunywa, umegundua mapema. Ila usikae pia bila dawa, presha isiyotibiwa nayo ni hatari, ndo maana nasema uende haraka wakubadilishie upewe methildopa, labetaloli au nifedipini. Na kwa kuwa ulikuwa na presha kabla ya mimba uko kwenye kundi la wale wa aspirini, muulize daktari hapohapo, usisubiri akumbuke yeye.

Na wewe unayesoma hapa, hauna mimba lakini unatumia enalaprili au losatani na unapanga kuzaa, zungumza na daktari wako kabla hujaacha uzazi wa mpango.

SWALI: Nimeacha chumvi kabisa na nalala muda wote ili nisipate presha ya mimba. Nafanya sawa? Alafu mashine yangu ya nyumbani inanipa 138/88 asubuhi, nikirudia 124/78, niamini ipi?

JIBU: Chumvi ya kiasi haina shida, kuiacha kabisa hakujaonekana kuzuia presha ya mimba, na kulala muda wote pia hakuzuii, tena kunaongeza hatari ya damu kuganda miguuni. Shirika la Afya Duniani halishauri vyote viwili kama kinga. Kinachosaidia, kwa wanaopata kalsiamu kidogo kwenye chakula, ni vidonge vya kalsiamu, gramu 1.5 hadi 2 kwa siku, zikigawanywa na zisinywewe kwa pamoja na vidonge vya madini ya chuma. Vitamini C na E watu wananunua sana kwa ajili hii, hazijasaidia.

Kuhusu mashine, angalia unavyopima. Haja ndogo kwanza, kibofu kilichojaa kinapandisha namba. Kaa kwenye kiti chenye mgongo, dakika 5 kimya, miguu yote miwili chini bila kukunja nne, mkono umelazwa mezani usawa wa moyo, kitambaa cha mashine kikae kwenye ngozi, kisiwe juu ya nguo, na kiwe saizi ya mkono wako, maana kikiwa kidogo kwa mkono mnene kinatoa namba kubwa ya uongo. Usiongee wala usishike simu. Pima mara mbili ukiacha dakika moja katikati na uandike zote mbili. Ikifika 140 juu au 90 chini, hata moja tu kati ya hizo, nenda kliniki siku hiyohiyo, na uende na mashine yako wailinganishe na ya kwao.

SWALI: Kuna kipimo cha damu kinachoweza kuniambia mapema kama nitapata?

JIBU: Kipo, kinapima ile sFlt-1 na kuigawa kwa PlGF. Kinawafaa zaidi walioanza kuwa na dalili za kutia shaka, jibu likiwa 38 au chini yake ni nadra sana ugonjwa kujitokeza ndani ya wiki moja inayofuata. Hakipatikani kila hospitali. Ukikikosa usidhani umekosa kila kitu, presha na mkojo vikipimwa kila hudhurio vinakamata wengi. Shida ninayoiona mimi ni mama anayeruka mahudhurio ya mwishomwisho kwa sababu anajisikia vizuri.

SWALI: Dokta nimejifungua salama siku 6 zilizopita, presha ilikuwa kawaida mimba nzima. Tangu jana kichwa kinauma sana, panado haisaidii, na naona kama vimulimuli. Jirani ana mashine, imesoma 158/102. Wananiambia presha ya mimba haiwezi kuwa maana mimba imeshatoka, ni uchovu wa kunyonyesha. Naomba unijibu, na mimba ijayo itakuwaje?

JIBU: Mama, nimeomba ujumbe huu ujibiwe kwa simu siku uleule ulipofika na umeambiwa uende hospitali. Nauchapisha kwa ajili ya wengine.

Kondo likitoka, zile sFlt-1 zinaanza kupungua kwenye damu, lakini utando wa mishipa ulioumia hauponi siku moja, na maji yaliyokuwa yamejificha kwenye tishu yanarudi kwenye damu siku hizohizo, ndo maana presha inapenda kupanda kati ya siku ya 3 na ya 6 baada ya kujifungua. Wapo wanaoanza hapo kwa mara ya kwanza kabisa, mimba nzima ikiwa safi, na kifafa kinaweza kutokea hata baada ya kujifungua. Kichwa kisichosikia dawa, maluweluwe, maumivu chini ya chembe ya moyo, kupumua kwa shida, yoyote kati ya hayo ndani ya wiki 6 za uzazi ni hospitali, usiku au mchana. Dawa nyingi za presha zinakwenda vizuri na kunyonyesha, nifedipini mojawapo, kwa hiyo asikuachishe mtu kunyonyesha kwa sababu hiyo.

Mimba ijayo unaweza kupata, ila anza kliniki mapema, waambie historia hii na uulizie aspirini. Kwa uzazi wa mpango kaa mbali na vidonge vyenye estrojeni wakati presha haijatulia, vya projestini pekee au kitanzi vinafaa. Na pima presha angalau mara moja kila mwaka hata miaka 10 ikipita, kwa sababu waliopata tatizo hili hatari yao ya ugonjwa wa moyo na kiharusi baadaye inakaribia mara mbili ya wengine.

Kwa yeyote atakayejikuta kwenye hali kama ya mama huyu: ukifika mapokezi usiseme tu kichwa kinauma. Waambie kwanza kabisa umejifungua siku ngapi zilizopita na uwaonyeshe kadi ya kliniki, kwa sababu tumbo halipo tena na mtoto umemwacha nyumbani, hakuna atakayejua kwa kukutazama, na utawekwa kwenye foleni ya kawaida.